Dirisha Lisilo na Foleni

“Nimesema hatuuzi,” alisema mama. “Unataka nikuimbie ndiyo uelewe?”

“Sitaki uniimbie. Nataka unisikie,” alijibu shangazi. “Juzi vipande vimeshuka, jana vimeshuka, na leo vitashuka. Wewe umeinama hapo unamwagilia matofali kama vile hakuna kinachoungua.”

“Matofali yakikosa maji yanapasuka. Shika mpira huo. Ukitaka kugomba, gomba huku unafanya kazi.”

Shangazi alishika mpira wa maji kwa hasira, akaufinya mdomoni, na maji yakaruka hadi kwenye viatu vya vibarua wawili waliokuwa wakichanganya mchanga na saruji. Vibarua walihama bila kusema neno. Wiki nzima walikuwa wamejifunza kuhama bila kusema neno. Kila asubuhi kazi katika uwanja ule wa kufyatulia matofali ilianza hivyohivyo: mashine ikawashwa, turubai zikafunuliwa, na mama na shangazi wakaanza kurushiana maneno kutoka mstari mmoja wa matofali hadi mwingine.

Kizibo alikuwa amekaa kwenye mlango wa banda wanaloliita ofisi, akimenya viazi vya mchana. Alikuwa na miaka kumi na miwili na shule ilikuwa imefungwa kwa likizo. Jina lile alipewa na shangazi alipokuwa mdogo, kwa sababu alikuwa mfupi na mpana kidogo, na akikaa mlangoni hakuna anayepita. Siku hizi alikuwa amerefuka, lakini jina lilikataa kutoka.

Vipande vilivyokuwa vikigombewa havikuwa vya mkate wala vya kitambaa. Palikuwa na mfuko wa uwekezaji pale mjini, unaokusanya fedha za watu wengi, wakubwa kwa wadogo, na kununua kwa pamoja hisa za kampuni nyingi: kampuni ya saruji, ya umeme, ya simu, benki mbili tatu, na kiwanda cha sabuni. Ukiweka fedha yako humo unapewa vipande. Kampuni zile zikifanya vizuri kwa miaka, kipande hupanda bei. Watu wakiingiwa na hofu na kuanza kuuza hisa zao kwa haraka, kipande hushuka, hata kama kiwanda cha sabuni bado kinatengeneza sabuni ileile.

Mama na shangazi walianza kununua vipande Kizibo alipozaliwa. Kila mwezi mama alitoa nusu na shangazi akatoa nusu, fedha ndogo ambayo haikugusa chakula, kodi wala mishahara ya vibarua. Baba yake Kizibo aliendesha lori la masafa marefu, na alichosema ni kwamba mkewe na dada yake wakikubaliana jambo yeye hana kura. Lengo lilikuwa moja: siku Kizibo atakapokwenda chuo, pasiuzwe mashine ya matofali. Na Kizibo alikuwa anakijua chuo chake. Alitaka kuwa mpima ardhi. Aliwaona wapima ardhi walipokuja kupima barabara mpya, wakiwa na chombo chao chenye miguu mitatu, na kuanzia siku hiyo akawa anafunga jicho moja kila anapotazama ukuta.

“Nusu ya fedha ile ni yangu,” shangazi alisema.

“Ni yako, wifi. Hakuna aliyekataa.”

“Basi niachie niuze.”

“Sheria ni ipi?”

Shangazi aligeuza uso.

“Nakuuliza, sheria ni ipi? Uliitunga wewe. Ulisema mwenyewe, mtoto akiwa bado hajaota jino, kwamba anayetaka kuuza atamke, kisha angoje mwezi mzima. Mwezi ukiisha na bado anataka, tunakwenda pamoja. Tulitunga sheria ile tukiwa na akili zetu, ili tuwe nayo siku akili zikiruka.”

“Mwezi mmoja vitakuwa vimeisha vyote.”

“Kampuni zote zile zife kwa mwezi mmoja? Saruji watu wasinunue, umeme wasiwashe, wasioge?”

“Endelea kufanya mzaha,” shangazi alisema. “Kizibo mwenyewe ameona. Mwulize.”

Mama aliinua kichwa. “Kizibo ameona nini?”

Kizibo alizidi kumenya kiazi kilichokuwa kimekwisha kumenywa.

Mama alikuwa na sheria nyingine pale nyumbani: bei ya vipande inatazamwa mara moja kwa mwaka, taarifa ya mwaka inapokuja. Lakini simu ya mama ilichajiwa humo bandani, na Kizibo alikuwa mlangoni. Mwanzoni aliangalia bei mara moja kwa siku. Kisha asubuhi na jioni. Kisha kila alipoweka kisu chini, ingawa bei yenyewe hubadilishwa mara moja tu kwa siku, jioni. Alikuta mshale mwekundu, akaenda kumnong’oneza shangazi. Kesho yake mshale ukawa mwekundu tena, akaenda tena. Shangazi hakuwa na muda wa kuangalia bei. Hofu yake ilikuwa inaletwa hadi mkononi, kama chai.

“Tutaongea,” mama alimwambia Kizibo. Sauti yake haikuwa ya mazungumzo.

Hawakupata nafasi ya kuongea, maana wakati huohuo pikapu ilipiga honi getini na kuingia bila kusubiri. Alikuwa mkandarasi mmoja, mteja wa siku nyingi, mwenye tumbo lililomtangulia na miwani iliyokaa juu ya paji la uso. Mwanawe, waliyemwita Bonge, alikuwa darasa moja na Kizibo. Bonge aliruka chini, akaanza kupiga teke kokoto.

“Mama Matofali,” mkandarasi alisema, “nipakilie mstari ule wa ukutani.”

“Ule haujakomaa.”

“Naona mgumu.”

“Ni mgumu nje. Ndani ni uji. Rudi wiki ijayo.”

“Wiki ijayo mafundi wangu watakuwa wamekula fedha ya ukuta. Nitakuongezea bei.”

“Hata ukileta pikapu yenyewe uniachie. Tofali bichi haliondoki hapa. Ukuta ukianguka hutataja jina lako, utataja langu.”

Mkandarasi alicheka kwa pua. Alimgeukia shangazi. “Wifi yako ana kichwa kigumu hivi hata kwenye vipande? Mimi vyangu nimeuza vyote. Hata foleni sikuiona ndefu. Usiku wa juzi nimelala usingizi wa mtoto.”

Shangazi aliacha mpira wa maji ukamwagika chini. “Vyote?”

“Vyote. Wanaosubiri watazika fedha zao.”

“Na fedha umeiweka wapi?” mama aliuliza.

“Iko mfukoni. Inanipa joto.”

Wakati wakubwa wakiendelea, Bonge alisogea hadi mlangoni pa banda. “Mwekezaji,” alisema. Kizibo aliwahi kujisifu darasani kwamba ana vipande, na tangu bei ianze kushuka jina hilo lilimfuata hadi chooni. “Chuo chako kinaendeleaje?”

“Kiko palepale.”

“Baba anasema kilikuwa chuo, sasa kimefika chekechea. Kikishuka tena kidogo utarudi kunyonya.”

“Toka hapa.”

“Utapima ardhi kwa kijiti. Utavua kiatu, upime kwa unyayo.” Bonge alianza kutembea kisigino kwa kidole, akihesabu kwa sauti ya Kizibo.

Kizibo alimrushia ganda la kiazi. Lilimpata shingoni, lakini halikumnyamazisha. Kilichomuuma Kizibo hakikuwa kijiti. Kilikuwa ile picha aliyokuwa nayo kichwani, ya chombo cha miguu mitatu kikisukumwa na upepo hadi kisionekane.

Shangazi aliingia bandani haraka, akampita Kizibo kwa kumruka. Alikuwa na simu yake mkononi. Alisimama kwenye kona, akabonyeza, akangoja. Juu ya meza, simu ya mama ililia mara moja.

“Kizibo,” shangazi alisema kwa sauti ya chini. “Nisomee namba iliyoingia kwenye simu ya mama yako.”

Kizibo alijua namba ile ni ya nini. Akaunti ilikuwa ya watu wawili. Mmoja akitaka kuuza, mwingine hutumiwa namba ya siri, na bila namba ile hakuna kinachouzwa.

“Shangazi, mama amesema…”

“Mama yako amesema. Na mama yako akikosea, nani ataumia, yeye au wewe? Mimi sitafuti fedha ya kununua kitenge. Nakuokolea chuo chako. Soma, mwanangu. Nisomee kabla hajaingia.”

Nje, Bonge bado alikuwa anapima ardhi kwa unyayo. Kizibo alichukua simu. Alisoma namba, moja baada ya nyingine, kwa sauti ndogo. Shangazi alibonyeza, akavuta pumzi kama mtu aliyetua ndoo kichwani.

“Umefanya vizuri,” alisema. “Usimwambie. Nitamwambia mwenyewe ikishaisha.” Akatoka, akaenda nyuma kwenye stoo ya saruji.

Simu ya mama ililia tena. Ujumbe mpya ulisema ombi la kuuza vipande vyote limepokelewa, kwamba litatekelezwa kwa bei ya leo jioni, na kwamba wanaotaka kulifuta wafike ofisini wamiliki wote wawili kabla ya saa nane mchana. Kizibo aliusoma mara mbili. Alitarajia kusikia nafuu, kama shangazi. Haikuja. Kidole chake kilikaa juu ya alama ya kufuta ujumbe. Ujumbe ukifutika, mama hatajua hadi saa nane ipite, na ikipita hakuna wa kulaumiwa ila shangazi.

Nje, mkandarasi alikuwa ameanza kupandisha sauti. “Basi nitakuja siku hupo. Nitaongea na wifi yako, au na vibarua. Kila mtu ana bei.”

“Njoo,” mama alisema. “Hapa hakuna anayeuza kitu nyuma ya mwenzake. Hata yule mtoto pale mlangoni, mwulize kama amewahi kumtolea mtu tofali moja bila mimi kujua. Mwulize.”

Mkandarasi alimtazama Kizibo. Vibarua wakamtazama. Bonge akaacha kutembea. Mama hakumtazama, maana hakuona sababu ya kumtazama. Alikuwa ameshainama kufunika matofali kwa turubai.

“Hauzi matofali, hauzi vipande,” mkandarasi alisema akipanda pikapu. “Sijui huyu mama anauza nini.” Kibarua mmoja aliangua kicheko, kisha akakimeza. Pikapu ikarudi nyuma kwa fujo, ikagonga pipa la maji, ikaondoka.

Kizibo alivuka uwanja akiwa ameshika simu kwa mikono miwili.

“Mama.”

“Viazi vimeiva?”

“Vipande vimeuzwa. Nimesoma namba mimi.”

Mama alisimama polepole. Aliichukua simu, akausoma ujumbe, akaangalia saa, akausoma tena.

“Shangazi yako alikuomba?”

“Ndiyo.”

“Alikushika mkono? Alikupiga?”

“Hapana.”

“Kwa hiyo umesoma kwa mdomo wako, ukijua ni nini.”

“Ndiyo, mama. Nilidhani…”

“Usiniambie ulichodhani. Utaniambia njiani. Vaa viatu.”

Kizibo alikuwa amejiandaa kupigiwa kelele, na alipokosa kelele alianza kulia. Mama alimwambia alie huku anafunga kamba za viatu, kwa sababu muda haukuwapo wa kufanya moja moja. Kisha akaenda kwenye stoo ya saruji.

Stoo ile ilikuwa imejaa hadi kwenye dari. Miezi miwili nyuma bei ya saruji iliporomoka ghafla, na shangazi ndiye aliyekimbia kiwandani kabla ya wenzake, akanunua shehena nzima, akarudi juu ya lori akiimba. Mpaka siku hiyo alikuwa anapita mle ndani akipapasa mifuko kama mtu anayepapasa ng’ombe wake. Sasa alikuwa amekaa juu ya mmoja, mikono imefunika uso.

“Simama, wifi. Tunakwenda ofisini.”

“Amekwambia,” shangazi alisema. “Mtoto hana siri huyu.”

“Shukuru kwamba hana. Simama.”

“Sifuti. Nimeshauza na nimetulia.”

“Umetulia? Mtu aliyetulia anajificha nyuma ya saruji?”

“Wewe unajiona una moyo wa chuma,” shangazi alisema, na sauti ikapasuka. “Mimi kila usiku naona jasho langu linayeyuka. Miaka yote ile sikununua hata kiatu cha maana. Halafu nikae nitazame?”

“Huna haja ya kutazama. Nani alikuletea bei kila siku?” Mama hakugeuka, lakini Kizibo, aliyekuwa mlangoni, alijua jibu ni nani. “Nimekuvumilia wiki nzima kwa sababu kuogopa si kosa. Kumtumia mtoto kuvunja kufuli langu ni kosa. Hili hata mwezi ukipita sitalisahau. Sasa unakuja, au niwaambie vibarua wakubebe kwenye toroli?”

Shangazi alimjua wifi yake. Toroli lilikuwa palepale, na maneno hayakuwa ya mzaha. Alisimama.

Walitembea kwa haraka, mama mbele, shangazi nyuma akisonya, Kizibo katikati. Njia nzima ilikuwa ya vumbi la maduka ya vyuma na gereji. Kizibo alifuta pua, akajaribu kutengeneza mambo.

“Mama, vipande ni kama matofali, si ndiyo? Ukivisubiri vinakomaa.”

“Hapana. Usiniletee mfano mzuri usio wa kweli. Tofali nikilimwagilia, najua siku litakayokomaa. Vipande hakuna anayejua. Mimi sijui, mkandarasi hajui, wale wa ofisini wenyewe hawajui. Vinaweza kushuka tena kesho.”

“Sasa kwa nini hatuuzi?”

“Kwa sababu hatujui. Asiyejua hakimbii huku na huku kila asubuhi. Anapanga mapema, kisha anafuata mpango.”

Ofisi ya mfuko ilikuwa chini ya jengo la benki, chumba kirefu chenye madirisha mawili. Kwenye dirisha la kwanza palikuwa na foleni iliyotoka hadi mlangoni na kujikunja barazani. Watu walisimama wameshikilia mikoba kifuani, kila mmoja akimkanyaga wa mbele. Mzee mmoja aligombana na mwanamke aliyedai kuwa alitoka kidogo tu. Kwenye dirisha la pili hapakuwa na mtu. Karani wake alikuwa anakata kucha.

“Foleni inaanzia kule,” mtu mmoja alimfokea mama.

“Siuzi. Nafuta kuuza.”

Kauli hiyo ilipita kwenye foleni kama harufu ya kitu kilichoungua. Watu waligeuka. “Anafuta?” mmoja aliuliza. “Huyo ana fedha za kuchezea,” mwingine alijibu. Wa tatu, kijana mwenye mkoba wa ofisi, alicheka. “Mama, utalia wewe.”

“Labda,” mama alisema, akapita.

Karani wa dirisha la pili alifuta kucha kwenye suruali, akatoa karatasi moja, akaiweka kwenye kaunta. “Wote wawili mweke saini. Mmebakiwa na robo saa. Ikipita, siwezi kuwasaidia, na msije mkanipigia kelele.”

Mama aliweka saini. Alisogeza karatasi na kalamu kwa shangazi. Shangazi alikunja mikono.

“Nipe sababu,” alisema. “Usiniambie sheria. Nipe sababu moja.”

“Ukiuza leo, fedha unaipeleka wapi?”

“Nitaiweka. Mambo yakitulia nitanunua tena.”

“Utajuaje kwamba yametulia?”

“Si bei itakuwa imepanda?”

“Haya. Jisikie mwenyewe. Unauza rahisi ili uje kununua ghali.”

Shangazi aliisukuma kalamu pembeni.

“Nikuulize jingine,” mama aliendelea. Hakushusha sauti, na watu wa mwisho wa foleni walikuwa wameshaanza kusikiliza. “Saruji iliposhuka bei, ulifanya nini?”

“Hiyo ni saruji.”

“Ulifanya nini?”

“Nilinunua lori.”

“Ulilia?”

“Ningelia kwa nini? Saruji tunaihitaji, na mwaka mzima tutakuwa tunanunua.”

“Na vipande tutanunua hadi lini?”

Shangazi aligeuka. Alimtazama Kizibo kuanzia kichwani hadi kwenye viatu vilivyofungwa vibaya, kama vile anampima urefu. “Hadi huyu aende chuo,” alisema.

“Miaka sita. Miaka sita tuko upande wa wanunuzi, wifi. Bei ikishuka, fedha yetu ya mwezi inabeba vipande vingi zaidi. Mkandarasi huenda alihitaji fedha yake wiki hii, au huenda ameogopa tu. Hayo ni yake. Sisi ya chakula iko benki, ya vibarua iko benki, ya ugonjwa iko benki. Hii haina kazi hadi miaka sita ipite. Na ikibaki miwili, tutaanza kuihamisha kidogo kidogo mahali palipotulia, kama tulivyopanga. Kama tulivyopanga, si kama tulivyoota usiku.”

“Na isipopanda?”

“Mfuko una kampuni nyingi. Moja ikifa, nyingine zipo. Zikifa zote, hata hiyo noti iliyo mfukoni mwa mkandarasi haitanunua kitu. Sikuahidi kwamba itapanda. Nakwambia tu hatuna sababu ya kuuza leo isipokuwa kwamba tunaogopa.”

“Dakika kumi,” alisema karani.

Shangazi alichukua kalamu. Aliishika kama mtu anayeshika kisu cha kukatia kidole chake mwenyewe. “Ila natamka rasmi,” alisema. “Mbele ya mtoto. Nataka kuuza nusu yangu. Mwezi wangu unaanza leo.”

“Unaanza leo. Ukiisha na bado unataka, nakuja nawe hapa na saini ya kwanza itakuwa yangu. Sitakuuliza tena.”

Shangazi aliweka saini. Karani aligonga muhuri, akaandika saa pembeni, akarudi kwenye kucha zake. Kijana wa mkoba alisema kwa sauti kwamba wanawake wale watakuja kujuta, na mzee wa mbele yake akamwambia anyamaze, foleni inasogea.

Mama alimgeukia Kizibo. Alimvuta pembeni ya ukuta, mbali na watu.

“Sikiliza, maana sitarudia. Namba ya siri humsomei mtu yeyote. Akiomba shangazi, akiomba baba yako, nikiomba hata mimi nikiwa nalia, husomi. Hilo la kwanza. Na bei ile uliyokuwa unaichungulia haikubadilisha kitu hata kimoja duniani, ilikubadilisha wewe, nawe ukaenda kumbadilisha shangazi yako. Mpaka taarifa ya mwaka ije, simu yangu huigusi. Na likizo yote iliyobaki, mpira wa maji ni wako, mistari yote.”

“Ndiyo, mama.”

“Umekuja kusema mapema, kabla muda haujapita. Hilo nimeliona.” Alimkabidhi bahasha iliyokunjwa kutoka kwenye mkoba wake. “Leo ni siku gani ya mwezi?”

Kizibo alifikiri. Ilikuwa siku ambayo mama hununua vipande kila mwezi, iwe mvua iwe jua. Kwa makelele ya wiki ile, hakuna mwingine aliyekumbuka.

“Unanunua?” shangazi aliuliza. “Leo? Watu wote hawa wanakimbia, wewe unaingia?”

“Mwezi uliopita nilinunua. Mwezi ujao nitanunua. Leo nina sababu gani ya kuruka?” Mama alimsukuma Kizibo begani. “Nenda. Dirisha lile.”

Kizibo alirudi kwenye dirisha la pili peke yake. Watu wa foleni walimtazama. Karani alimtazama pia, bila kuweka chini kisu cha kucha.

“Mtoto, foleni ya kuuza ni ile.”

“Nimeiona,” Kizibo alisema. “Nimetumwa kununua.”

Karani aliweka kisu chini. Alitafuta kitabu cha risiti kwenye droo, akakipuliza vumbi. Kabla hajafungua bahasha, mkono mwingine ulipita juu ya bega la Kizibo na kuweka noti zilizokunjwa juu ya kaunta. Ulikuwa wa shangazi.

“Nusu yangu,” shangazi alisema kwa kinywa kilichonuna. “Mwezi wa kungoja haujaisha. Usinitazame hivyo.”

Karani aliandika, akagonga muhuri, akakata risiti. Kizibo alitaka kuichukua, lakini shangazi aliiwahi. Aliisogeza karibu na macho, kisha akafungua mkoba wake, akatoa risiti ya mwezi uliopita, akaziweka pamoja.

“Fedha ni ileile,” alisema.

“Ni ileile,” karani alijibu.

“Lakini vipande vimezidi.”

“Si vimeshuka bei, mama.”

Shangazi alisimama palepale, akapapasa karatasi ile kwa kidole gumba, taratibu, kama anavyopapasa saruji yake.

“Twende,” mama aliita kutoka mlangoni. “Matofali yanakauka.”